Pasipoti za Bunduki

Jabiri Chande alikuwa anakunywa supu ya mbuzi karibu na stendi ya Same siku ile riziki ilipokuja kukaa meza ya jirani. Ilikuja kwa sura ya mkulima mmoja wa Hedaru aitwaye Elinaza, ambaye alikuwa ameibiwa bunduki, na uso wake ulionyesha kwamba bunduki haikuondoka peke yake, iliondoka na usingizi.

"Kwanza polisi wakaniuliza namba ya bunduki," Elinaza aliwaeleza wenzake. "Nikasema siijui. Wakaniuliza ni ya kampuni gani. Nikasema ni ya marehemu baba. Wakaniuliza ina alama gani. Nikawaambia ni nyeusi, na ukiifyatua inalia."

"Mbona umewajibu vizuri tu?"

"Nimekaa kwenye benchi lao mpaka jioni! Mwizi yuko zake huko anakula nyama ya swala, mimi niliyeibiwa ndiye naeleza nilikuwa wapi na nilikuwa na nani."

Wilaya ile ina nguruwe pori na nyani wasiojua mpaka wa shamba, na huko tambarare kuna tembo wanaotoka hifadhini kuja kuonja mahindi, hivyo si ajabu kukuta mtu mzima mwenye leseni na bunduki yake chini ya uvungu. Wenye bunduki mezani pale walikuwa watatu. Wote watatu walikuwa wanajaribu kukumbuka namba ya bunduki zao, na ilionekana wazi kwamba hakuna aliyefanikiwa. Mmoja aliweka kijiko chini. Jabiri peke yake ndiye aliyeendelea kunywa supu, akaomba na ndimu ya pili, kama afanyavyo siku zote akili yake inapopata kazi.

Tusimwonee. Jabiri hakuwa mbaya kuliko wengine wa fani yake. Alizaliwa kwenye kambi ya mkonge, mtoto wa watu waliotoka mbali kufuata kibarua, na tangu akiwa mdogo alilitazama lile jua lililowaunguza wazazi wake akaapa kwamba yeye atakula kwa kivuli. Kiapo alikitunza. Aliwahi kuuza dawa ya kuzuia radi. Aliwahi pia kuuza bima ya kuku pale Hedaru, biashara iliyokwenda vizuri sana mpaka kuku walipoanza kufa. Kitu kimoja tu hakuwahi kukifanya maishani, nacho ni kushika bunduki. Alikuwa anaziogopa kama watu wengine wanavyoogopa nyoka. Lakini daktari wa meno naye hahitaji kuumwa jino.

Haikuchukua muda kikafunguliwa chumba nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, na mlangoni pakabandikwa maneno: Wakala wa Kumbukumbu na Ulinzi wa Silaha Binafsi, Kanda ya Kaskazini. Kanda nyingine hazikutajwa kwa sababu hazikuwepo. Jabiri akajipatia kitambulisho cha kuvaa shingoni, muhuri mkubwa kama kisosi, na cheo cha Mkurugenzi. Mtu mwenye kitambulisho shingoni huulizwa maswali machache. Akiwa na kitambulisho na faili kwapani, huulizwa kama ameshakula.

Wateja wa mjini walikuja wenyewe, wengine wakiwa hawajamaliza hata kusoma tangazo. Lakini Jabiri alijua hofu hukua vizuri zaidi mahali palipo mbali na kituo cha polisi, kwa hiyo akakodi pikipiki akapanda milimani mpaka kijiji cha Idaruni, kwenye mashamba ya tangawizi, akaelekezwa nyumba ya Mzee Asheri.

Mzee Asheri alikuwa mzee wa kanisa, Mlutheri wa kuzaliwa, na alikuwa na kilema kimoja kilichomtesa maisha yake yote: hakuweza kusema uongo. Akijaribu, masikio yalimsimama na jasho likamtoka. Kwa sababu hiyo mambo yote ya nyumba ile yaliyohitaji maneno yalishughulikiwa na mkewe, Rahabu.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Rahabu. "Karibu. Umeshakula?"

Jabiri akala makande sahani mbili, akajifuta mdomo, akaanza kazi. Alieleza yaliyompata mtu wa Hedaru, akaongeza chumvi pale ilipopungua. Kisha akatundika ukutani kitambaa cha bluu na kuomba bunduki iletwe. Ilikuwa bunduki nzuri ya mitutu miwili, ya urithi, imepakwa mafuta ikapakika. Mzee Asheri akaisimamisha mbele ya kitambaa.

"Mbona inapigwa picha ya pasipoti?" aliuliza Rahabu. "Inasafiri?"

"Ikiibwa itasafiri, mama. Ndiyo maana inaandaliwa mapema." Jabiri akapiga picha. "Sasa igeuze kidogo, mzee, tupate upande wa kulia. Hapo hapo. Isicheke."

"Na wewe mbona huishiki?"

"Kanuni za ofisi haziniruhusu kugusa mali ya mteja."

Lakini ilibidi aiguse, kwa sababu Mzee Asheri aliitwa nje kidogo na mtu, naye akamwachia Mkurugenzi bunduki mkononi. Jabiri aliipokea kwa vidole viwili, mikono ameinyoosha mbali na kifua, kama mtu aliyepewa nepi ya mtoto wa jirani. Rahabu aliliona hilo. Aliona pia kwamba Mkurugenzi, alipofika kwenye kipengele cha namba ya bunduki, alinakili kwa makini mwaka wa ubatizo ambao baba mkwe aliuchonga kwenye kitako. Namba yenyewe ilikuwa kwenye chuma, juu kidogo ya kifyatulio, inasomeka bila miwani. Rahabu alimwongezea chai.

"Kwa hiyo ikiibwa?" aliuliza.

"Ikiibwa, mama, mnanipigia simu mimi mwenyewe. Tuna mtambo. Mtambo ukishaonyeshwa picha hii, unaitafuta bunduki popote ilipo. Iwe chini ya ardhi, iwe chini ya maji, iwe imeshavuka Kenya. Na sisi ndio tunaobeba jukumu mpaka ipatikane."

"Jukumu lote?"

"Lote."

"Ngoja basi nimwite mwenyekiti uyaseme tena."

Hapa ndipo mtu wa kuja asiyewajua watu wa milimani angeshtuka. Mpare hatoi fedha bila shahidi. Hata akinunua kiberiti hupenda pawe na mtu wa tatu. Akaja Bartholomeo, mwenyekiti wa kijiji, wakaja na majirani, na Jabiri, ambaye alipenda sana hadhara, akayasema yote upya kwa sauti kubwa zaidi, akaongeza kwamba yuko tayari kuitafuta bunduki kwa mikono yake. Watu wakaitikia kwa vichwa. Idaruni ilikuwa na bunduki nne zenye leseni, na zote nne zikapata pasipoti siku ile. Wakalipa. Mkurugenzi akateremka upande wa pili hadi kijiji cha Kwamshai, akafanya vivyo hivyo, kisha akarudi Same akiimba juu ya pikipiki.

Habari ingeishia hapo kama Mzee Asheri angekuwa mtu wa kawaida. Lakini mtu asiyeweza kusema uongo hufikiri kwamba na wengine ni hivyo hivyo, na alipopata safari ya mjini akaona ni vema awaarifu polisi kwamba bunduki yake sasa ina kumbukumbu. Akaenda nayo, leseni ilikuwa karibu kwisha. Askari wa dirishani, mtu mpole, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mzee wangu," akasema, "hiyo ofisi sisi hatuijui. Ila wazo lenyewe si baya. Piga picha bunduki yako mwenyewe, andika namba yake mwenyewe, weka mahali salama. Usimwambie mtu inalala wapi. Huyo mtu ulimwambia inalala wapi?"

"Chini ya uvungu," alijibu Mzee Asheri, kwa sababu ndiyo ilikuwa kweli.

Askari akashusha pumzi. Akamshauri aiache bunduki pale kwenye ghala la silaha mpaka leseni mpya itoke, na kuhusu huyo Mkurugenzi, aandike maelezo. Mzee Asheri akaiacha bunduki. Kuhusu maelezo, alisema atamuuliza kwanza mama Eliaichi. Eliaichi ni mtoto wao wa kwanza.

Mama Eliaichi alikuwa anamenya maharage mzee aliporudi. Akasikiliza bila kuinua macho.

"Twende tukamshtaki," alisema Mzee Asheri. "Kijiji kizima tutakuwa mashahidi."

Watani wetu husema Mpare huuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Husema hivyo wakicheka. Rahabu hakucheka, kwa sababu yeye alimuuza huyo ng'ombe. Kuku alikuwa jogoo, mshtakiwa alikuwa shemeji yake, na kesi ilianza Eliaichi akiwa anajifunza kusoma ikaisha akiwa anaota ndevu. Alishinda. Jogoo alikuwa ameshaliwa kitambo.

"Tukimpeleka, fedha zetu zitakuwa kidhibiti," alisema. "Kidhibiti hakinunui jembe, baba Eliaichi. Huyu kijana ana mdomo, ana fedha zetu na za Kwamshai, na ameapa mbele ya mwenyekiti kwamba ataitafuta bunduki kwa mikono yake. Wewe unaona nini hapo?"

"Naona mwizi."

"Mimi naona kibarua."

Maana Idaruni ilikuwa na shida kubwa kuliko Jabiri. Juu ya kijiji iko ndiva, lile bwawa linalokusanya maji ya mfereji usiku ili asubuhi yafunguliwe mashambani kwa zamu. Ndiva ya Idaruni ilikuwa imejaa tope mpaka bata walitembea. Maji yaliyofika shambani yalitosha kulowesha mguu, na tangawizi ilikuwa inakunjamana ardhini kabla ya kukomaa. Msimu mmoja tena wa hivyo, na vijana waliobaki wangeteremka kwenda mjini kuuza maji ya chupa. Kila mtu alijua dawa yake. Dawa ni msaragambo: linapulizwa baragumu, kila mwenye mikono anatoka na jembe. Lakini kuna sheria iliyo kongwe kuliko mwenyekiti, kwamba yule ambaye jambo ni lake, yaani yule baragumu linapulizwa kwa ajili yake, ndiye anayetangulia kuingia topeni na ndiye anayelisha watu mpaka kazi iishe. Miaka mingi hapakuwa na mtu wa kukubali kuwa mwenye jambo. Ndiva ni ya wote, na cha wote hakina wa kukipikia.

Rahabu akaenda kwa Bartholomeo wakazungumza. Bartholomeo akaenda kwa majirani. Jioni ile ile Rahabu akapiga simu Same.

"Mkurugenzi, mwanangu, tumekwisha! Bunduki ya mzee haipo!"

Upande wa pili Jabiri alikuwa tayari ameweka kidole kwenye kitufe cha kuzima simu, na moyoni alikuwa ameshahama wilaya. Rahabu akaendelea haraka:

"Na sasa watu wameingiwa na hofu, mwanangu. Si unajua sisi tulikuonyesha zenye leseni tu. Kuna magobore ya mababu humu majumbani, wameyaficha darini miaka yote. Leo kila mtu analeta la kwake, wanataka pasipoti. Nyumba ya mwenyekiti imejaa. Wanauliza utakuja lini, fedha wameshazifunga kwenye leso."

Kidole kikaondoka kwenye kitufe. Mtu mwingine angejiuliza kwa nini watu wanaoficha magobore waamue kuyaanika kwa pamoja. Lakini Jabiri aliamini kwa dhati kwamba kila binadamu ana kitu alichoficha darini, na mtu ukimthibitishia anachokiamini hakuulizi zaidi. Wizi ule, alipoufikiria vizuri, aliuona kama tangazo la bure la biashara.

Akapanda Jumapili, na fedha zake zote mfukoni kwa sababu hakumwamini mwenye nyumba. Ibada ilikuwa imetoka. Watu walimpokea kwa heshima, wakamwambia mwenye pikipiki arudi zake, Mkurugenzi atalala. Ndani kwa Bartholomeo, kando ya ukuta mzima, palikuwa na vitu virefu vimefungwa kwenye vitenge, vimepangwa kama wagonjwa wa wodini. Jabiri alivihesabu kwa macho, akaishiwa, akaanza upya.

"Tuanze na hivi," alisema, akifungua faili.

"Pole pole, Mkurugenzi," alisema Bartholomeo. "Sisi ni watu wa milimani. Hatununui ng'ombe kwa kusikia sauti yake. Tuonyeshe mtambo unavyofanya kazi. Ipate ya Mzee Asheri, na hawa wote watalipa leo leo."

Mzee Asheri alikuwa amekaa pembeni, macho chini. Masikio yalikuwa yamemsimama na jasho linamtiririka. Watu wakamtazama kwa huruma, na Jabiri akaona ni majonzi ya bunduki.

Basi akatoa simu yake. Alikuwa na programu moja ya kuonyesha upande wa kibla, yenye mshale unaocheza na mlio mzuri. Akatoka nayo nje, kijiji kikimfuata nyuma kimya, akapita migombani, akapita kisimani, huku kichwani anatafuta mahali pa kusema. Akisema kwenye nyumba ya mtu, watapekua. Akisema porini, watataka aende. Akafika kwenye ndiva. Akaitazama ile bahari ya tope yenye majani juu yake, na akili yake ikamwambia: hapa. Hapa hakuna mwendawazimu atakayeingia. Bunduki itakuwa imeshaonekana, mtambo utakuwa umeshafanya kazi, na jioni atakuwa Same.

Alisimama. Akafumba macho kidogo. Simu ikalia.

"Iko humu," akasema kwa sauti ya msiba. "Chini kabisa. Mwizi aliogopa akaitupa. Poleni sana."

Rahabu alikuwa amemwambia Bartholomeo tangu mwanzo: mwache tu atembee, ataishia kwenye ndiva mwenyewe, mwongo siku zote hukitupa kitu pale ambapo jicho halifiki.

"Una hakika, Mkurugenzi?" aliuliza Bartholomeo.

"Mtambo haujawahi kukosea."

"Wote mmesikia?"

Wote walikuwa wamesikia. Mwenyekiti akamwashiria Abednego, jirani yake mwenye kifua kipana, naye akatoa ndani ya koti pembe ndefu ya mnyama, akaiweka mdomoni na kuipuliza. Sauti ikashuka bondeni, ikapanda upande wa pili, na kutoka kila uchochoro watu wakaanza kuja na majembe, machepe na karai.

"Hii ni nini?" aliuliza Jabiri.

"Msaragambo," alisema Rahabu. "Baragumu limepulizwa kwa ajili yako, mwanangu. Vua viatu."

Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na za Jabiri ziliishia kwenye tope la magotini. Alijaribu kueleza kwamba yeye ni mtu wa ofisi. Wakamjibu kwa upole kwamba ndiyo maana wamemwachia jembe jepesi. Alijaribu kusema mtambo ungemwongoza vizuri zaidi akiwa ukingoni. Abednego akamuuliza, kwa heshima zote, kama si yeye aliyesema kwa mikono yake. Lo! Mwanamume aliyeukimbia mkonge maisha yake yote akachimba. Simu ilimponyoka mfukoni ikazama, na mtambo ukaishia hapo.

Mchana palitokea suala la chakula. Bartholomeo akamweleza desturi. Jabiri akatazama lile jeshi lenye njaa, akavikumbuka vile vitenge ukutani, akapiga hesabu kichwani, akaona bado kuna faida. Akatoa fedha ya mahindi na maharage. Kesho yake akatoa ya mbuzi. Ukuta wa ndiva ulipoonekana umepasuka, Bartholomeo akasema hawawezi kuendelea kuchimba chini yake bila kuuziba, utamwangukia Mkurugenzi ambaye ndiye anayetangulia mbele. Akatoa ya saruji. Kila alipotoa alivikumbuka vile vitenge, na kila usiku alilala chumba cha pili navyo, mlango umefungwa kwa kufuli, ufunguo anao mwenyekiti, kwa usalama wa silaha.

Tope likatoka. Pamoja nalo vikatoka jembe bovu, sufuria isiyo na kitako, mnyororo wa baiskeli na kengele ya mbuzi. Mwishowe ukaonekana mwamba, safi, na juu ya mwamba hapakuwa na bunduki.

Jabiri alikuwa amejiandaa. Alisimama katikati ya ndiva, mweusi mpaka nyusi, akainua ule mnyororo wa baiskeli.

"Ndugu zangu! Mtambo ulisoma chuma, na chuma mnakiona. Mtambo haukukosea. Mwizi ndiye aliyehamisha."

Walimpigia makofi marefu. Kisha Abednego akaenda akaufungua mfereji. Maji yalikuja kwanza kwa aibu, yakilamba mwamba, halafu yakaja kwa kelele. Wanawake wakapiga vigelegele, mzee mmoja akavua kofia, na Jabiri Chande akajikuta naye anapiga kelele za furaha pamoja nao, mikono juu, malengelenge wazi. Alipogundua alijikasirikia sana. Lakini furaha alikuwa ameshaisikia, na ilikuwa ya kweli.

Alioga, akachukua faili, akaenda kwa mwenyekiti kuvuna. Mfukoni alikuwa hana hata nauli, na hilo halikumsumbua. Bartholomeo akafungua kufuli. Rahabu na Mzee Asheri walikuwa wameshakaa humo.

"Haya," alisema Jabiri, "tuanze na huu."

Akafungua kitenge cha kwanza. Ndani mlikuwa na mchi wa kutwangia. Akafungua cha pili, akakuta mpini wa jembe. Cha tatu kilikuwa fimbo ya pazia, na cha nne mlingoti wa bendera ya shule, ambao mwalimu mkuu alikuwa ameshaanza kuuulizia. Alifungua vyote mpaka cha mwisho. Mtu akishalipia hupenda kuona.

"Na ya mzee?" aliuliza, akiwa amekaa sakafuni katikati ya vitenge.

Hapo Mzee Asheri akasema kwa mara ya kwanza tangu Jumapili, na alisema kwa nafuu kubwa kama mtu aliyetua gunia.

"Iko polisi, Same, kwenye ghala. Niliipeleka mwenyewe kabla hujaitwa. Waliandika na namba yake, ile halisi."

Jabiri alimtazama mzee, akamtazama mwenyekiti, akaishia kwa Rahabu. Alikuwa amewaibia watu wengi, na mara zote alikuwa ameondoka kabla ya kuuona uso wa mtu anapogundua. Sasa alijua uso ule unasikiaje kwa ndani, akatamani asingejua.

"Mama," alisema. "Mlijua mimi ni nani. Mngeniambia tu ukweli. Kwa nini hamkuniambia?"

"Tungekuambia," alisema Rahabu, "ungechimba?"

Rahabu akampa makande kwenye kopo la safari, akamwachia achague: kuna njia ya kituoni, ambako kuna askari mpole anayesubiri maelezo, na kuna njia ya Kwamshai, inayozunguka hadi barabara kuu. Faili, muhuri na kitambulisho vingebaki Idaruni, pamoja na picha zao. Jabiri akashika njia ya Kwamshai, kwa miguu, akiwa ameshika kopo lake kifuani. Mjinga akierevuka, mwerevu yuko mashakani, na Jabiri alikuwa anatembea haraka kwa kadiri mgongo ulivyomruhusu.

Kwenye kona ya kuingia Kwamshai alikuta watu wamesimama barabarani. Hawakuwa na hasira hata kidogo. Walikuwa wamebeba majembe na machepe, na mbele yao alisimama Vitus, mwenyekiti wao, mwenye pembe mkononi. Alikuwa mmoja wa waliopigiwa picha ya pasipoti, na alikuwa ameyasikia maji ya Idaruni tangu asubuhi.

"Pole na kazi, Mkurugenzi," alisema Vitus. "Na sisi tumeibiwa."

"Mmeibiwa nini?"

"Bunduki yangu. Ile uliyosema mnabeba jukumu mpaka ipatikane. Mashahidi ndio hawa."

Jabiri alitazama bondeni. Barabara kuu ilionekana huko chini, malori madogo kama punje za mahindi yakienda Same, na kila mmoja wa wale waliokuwa ndani yake alikuwa na nauli. Akatazama nyuma, alikotoka, akaona hakuna wa kumkimbilia. Kisha akainama, akakunja suruali, mguu mmoja na baadaye wa pili.

"Ndiva yenu," aliuliza, "ina kina gani?"